Mdudu wa Kwenye Karai

Nilipokuwa mtoto hapa Isiolo, mtaa wa Chechelesi, jino likiuma hakuna aliyeuliza sababu: kuna mdudu ndani. Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Akoo, ndiye alikuwa fundi wa kumtoa. Alimwaga mbegu za ndulele, kile kitunda kichungu cha porini, juu ya makaa, ukaachama moshi uingie, mate yakadondoka kwenye karai ya maji. Mwishowe alikuonyesha vidude vyeupe vikielea.

Nilikuwa na miaka tisa gego langu lilipotoboka. Mama alishaapa: lisipopona, linang'olewa. Nilivuta huo moshi mpaka nikalia.

"Huyo hapo!" Akoo akasema. "Tena amenona na sukari yako."

Nikachungulia. Mimi sijawahi kuvumilia kudanganywa. Nikafoka mbele ya majirani wote: "Akoo, hii ni mbegu imepasuka na moto! Wewe mwongo!"

Mama akavua ndara. Akoo akamzuia.

"Jino bado linauma?"

"Hapana."

"Basi ishukuru hiyo mbegu." Wanawake wakacheka, mmoja akamwaga chai. "Lakini ukilala na utamu mdomoni bila kupiga mswaki, mdudu atarudi na ndugu zake."

Kwa hasira nikaamua kumuumbua. Kila usiku nilikunywa chai ya vijiko vitano vya sukari nikalala hivyo hivyo. Mwezi haukuisha. Maumivu yalirudi, gego likang'olewa, na mwenye kuumbuka nikawa mimi.

Shule niliacha mapema; mengi nimejisomea, hata maandishi ya pakiti za dawa ya meno. Pakiti moja ilinifanya nitafute zaidi. Kumbe kuna bakteria wasioonekana kwa macho. Wanakula sukari iliyobaki mdomoni, wanatoa asidi, na asidi ndiyo inatoboa jino. Dawa ya kuwaua iliyomo ndani ya dawa ya meno inapasua ngozi yao ya nje na kuwazuia kutumia ile sukari. Haiwamalizi, inawapunguza tu. Na tundu likishatokea, hailizibi.

Nikapanda lori hadi Merti, alikohamia Akoo, nikamweleza yote. Akanisikiliza huku akitafuna kijiti chake cha mswaki, meno yote yapo.

"Na zile mbegu, Akoo?"

"Nilijua ni mbegu. Mtu haogopi kitu asichokiona. Nikawapa cha kuona."

Nilitaka kukasirika, nikacheka. Ulimi wangu bado hupita pale penye pengo.

Juzi binti yangu alikataa kupiga mswaki. "Mama, kwani kweli kuna mdudu?"

Mimi, nisiyependa uongo, nikamjibu: "Yuko. Tena na ndugu zake."