Mama Kapinga hayumo kwenye kompyuta

Leo nimemwambia mama wa watu hayumo, naye kasimama mbele yangu!

Mama Kapinga katoka Maguu kufuata miche ya kahawa hapa ushirika wetu, Mbinga.
Natafuta jina lake: hakuna.
Nusura nimsajili upya. Nikapekua kwanza orodha nzima.
Yumo!

Kosa langu. Jana nilisasisha kompyuta, ikabadili kanuni za kupanga herufi kubwa na ndogo. Faharasa ya majina, ile inayoonyesha kila jina liko wapi, ikabaki na mpangilio wa zamani, kompyuta ikawa inamtafuta mama mahali ambapo hayupo. Nilitakiwa kuijenga upya faharasa jana ileile.
(Mnaotunza data, msinicheke. Nyie mmempoteza nani?)

Nikaijenga. Jina likatokea.

"Kwa hiyo nimerudi, mwanangu?"
"Umerudi, mama."
"Haya, nipe miche yangu kabla sijapotea tena."