Mama Masikio na Sauti ya Chozi

Jina lake halisi lilikuwa kwenye cheti cha ndoa na kadi ya kliniki. Sisi wengine tulimwita Mama Masikio, naye aliitika bila kununa. Si kwamba alikuwa na masikio makubwa. Yalikuwa madogo, yamebana kichwani kama ya paka. Aliitwa hivyo kwa sababu mngekuwa mnatembea naye watu ishirini, mnapiga soga, mara angeinua kidole na kusema, "Huyo kigogota, ng'ambo ya bwawa, kwenye mti mkavu." Mkifika ng'ambo ya bwawa, kweli, kigogota yuko kwenye mti mkavu anagonga.

Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na mitatu katika kiwanda cha nguo, ukumbi wa mashine za kufuma. Mashine mia moja na arobaini zilipiga kwa pamoja, na sakafu ikatetemeka mpaka magotini. Humo ndani hakuna aliyemsikia mwenzake. Wanawake walizungumza kwa kusomana midomo, na waliweza kusengenya kutoka pembe hadi pembe huku mkuu wa zamu akipita katikati, hajui kwamba anayesengenywa ni yeye. Wengine walijaza pamba masikioni. Yeye alijaribu wiki moja, ikamwasha, akaitupa.

Kiwanda hichohicho ndicho kilichomkutanisha na ndege. Alfajiri, zamu ilipoisha, mlango wa chuma ulifungwa nyuma yake na kelele zikakatika kama zimekatwa kwa mkasi. Ukimya ulimwingia kama maji baridi. Katika ukimya huo, asubuhi moja, kitu kililia juu ya uzio wa seng'enge: sauti nyembamba, ya juu kabisa, ya harakaharaka, kama mtu anayemwaga sindano kwenye sahani. Alisimama. Wenzake walimwita, akasema tangulieni. Alikuwa chozi, yule ndege asiyejaa kiganja, mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayekunywa utamu wa maua. Mama Masikio wakati huo hakujua hata jina lake. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba aliona aibu, amefika umri wa mama wa watoto watatu na hajui jina la kitu kizuri namna ile.

Basi akaanza kuuliza. Bustani ya mimea ya mji wetu ilikuwa na afisa mmoja mwembamba, mwenye miwani minene, ambaye watoto walimpachika jina la Bwana Hadubini. Huyu bwana aliamini kwamba sayansi ikifungiwa maofisini huota ukungu. Jumamosi fulani alipanga meza barazani, akaweka hadubini tatu na ndoo ya maji ya bwawa, na familia nzima zikapanga foleni kutazama vijidudu vikiogelea. Siku nyingine alileta mawe, siku nyingine mizinga ya nyuki. Mama Masikio alihudhuria yote, mara nyingine akiwa bado na nyuzi za pamba kwenye nywele. Siku moja Bwana Hadubini akamwambia, "Mama, mimi mtu wa majani. Ndege unawajua kunishinda. Kwa nini usitutembeze wewe?"

Ndipo yalipoanza Matembezi ya Ndege: Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye lango la bustani, bure kwa mkubwa na mdogo. Mimi nilianza kwenda mwaka wa nne. Nilikuwa karani, mtu wa kukaa kutwa, na daktari alinitaka nitembee. Nilifuata miguu, nikanasa kwa masikio. Kituo chetu cha mwisho kilikuwa mti mmoja mkubwa wa maua mekundu karibu na kitalu. Hapo Mama Masikio alitusimamisha kimya, akafumba macho, akanong'ona, "Msikilizeni." Na chozi akamwaga sindano zake.

Sijui ni mwaka gani hasa sauti ile ilianza kumtoka. Nadhani hata yeye hajui. Haikuondoka kwa kishindo, ilijivuta pole pole, kama mgeni anayeaga mara tatu mlangoni.

Mumewe alikuwa fundi saa, mzee mcheshi mwenye kucha safi kuliko za mhazili. Nyumba yao ilijaa saa za ukutani alizoletewa kutengeneza. Kwa miaka mingi mkewe alilalamika: "Baba watoto, hizi saa zako zitanitia wazimu, tiki tiki tiki!" Kisha malalamiko yakakoma. Mzee alifurahi, akadhani mkewe amekuwa na subira. Baadaye alinihadithia huku akitikisa kichwa: "Nami mjinga nikaongeza saa nyingine mbili chumbani."

Kuzungumza na watu hakukumpa shida, maana alitusoma midomo. Miaka ishirini na mitatu ya ukumbi wa kufuma ilimfundisha vizuri mno. Lakini ndege hana midomo ya kusomwa. Njiwa alimsikia, kunguru alimsikia, tiva pia. Wadogo wakaanza kupotea mmoja mmoja, na wa mwisho kupotea alikuwa yule aliyemtaka kuliko wote.

Hakumwambia mtu. Alijua chozi hukaa mti gani na hulia saa ngapi. Kila Jumapili ya kwanza alitufikisha pale kitaluni, akafumba macho, akanong'ona, "Msikilizeni," nasi tukasikiliza. Yeye alisikiliza kumbukumbu.

Sasa niseme la Jumapili ile, maana nami nimo katika lawama yake.

Tulikuwa watu kumi na tisa. Miongoni mwetu alikuwepo dereva wa teksi, mara yake ya pili, na binti yake wa miaka sita hivi, amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa linachomoza. Tulifika kwenye mti. Mama Masikio akafumba macho. "Msikilizeni."

Tukanyamaza. Mimi sikusikia kitu. Nilijiambia labda nimechelewa kutega sikio, labda ni uzee wangu. Nilimtazama mwalimu mstaafu aliyekuwa kando yangu, naye alikuwa anatikisa kichwa taratibu kwa utamu, kama mtu aliye katikati ya wimbo. Nami nikatikisa. Tulitikisa vichwa watu wazima wote.

"Baba," binti akasema, "mimi sisikii ndege."

"Shii. Sikiliza vizuri."

"Nimesikiliza. Hakuna."

"Unaambiwa yupo! Unataka kumshinda Mama? Nyamaza, usinitie aibu mbele za watu."

Mtoto akainamisha kichwa. Wakati huo Mama Masikio alikuwa amefumbua macho, na kutoka hatua kumi alisoma midomo ile midogo: hakuna. Alisoma na ya baba. Akainua uso kuutazama mti, nadhani kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Maua yalikuwa yamekwisha. Hapakuwa na hata moja, na chini palikuwa na zulia la rangi ya kutu. Hakuna chozi atakayekaa kwenye mti usio na maua. Jambo hilo alitufundisha mwenyewe.

Alitushukuru kwa kuja, akaaga. Niliona mkono wake unatafuta mfuko wa sketi na kuukosa.

Kama alivyonihadithia mumewe, Mama Masikio alipofika nyumbani aliketi mezani bila kuvua viatu. Akamweleza yote. Mzee akajaribu kumpoza: mtoto ni mtoto tu, atasahau.

"Si kusahau," akasema. "Yule mtoto alisikia sawasawa, akagombezwa. Mimi ndiye niliyemgombeza, kwa mdomo wa baba yake."

Wiki hiyo walikwenda kwa daktari wa masikio. Walimwingiza kwenye kijichumba chenye kuta za sifongo, wakamvika vifaa vya kusikilizia, wakampa kitufe cha kubonyeza kila asikiapo mlio. Mumewe alimtazama kupitia kioo. Alibonyeza, akabonyeza, halafu kidole kikabaki hewani muda mrefu, kinangoja. Mzee alisema hajawahi kuona kitu kirefu kama kule kungoja kwa kidole kile.

Daktari, mwanamke kijana, akawaonyesha mchoro: mstari unatembea tambarare, kisha unaporomoka. Kifaa cha sikioni kitamsaidia kwa mazungumzo, alieleza, lakini zile sauti nyembamba za juu kabisa zimekwenda, na kifaa hakiwezi kukuza kisichokuwepo.

"Na chozi, daktari?" aliuliza Mama Masikio.

Daktari akamsogezea boksi la karatasi laini. "Lia tu, mama yangu. Ni kawaida."

Mama Masikio akamtazama, akamtazama mumewe, kisha wote wawili wakaangua kicheko hadi muuguzi akachungulia. Ilimchukua mzee dakika nzima kumweleza daktari kwamba chozi ni ndege. Na katikati ya kicheko, mkewe alichukua ile karatasi, maana alikuwa anaihitaji.

Mwezi uliofuata nilikwenda nikiwa na wasiwasi, kwa maana habari mjini hazikai. Dereva wa teksi alikuwepo na binti yake. Alisema mtoto amemsumbua mwezi mzima: wale ndege ni lini tena. Fundi saa naye alikuwepo, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, anapiga miayo na kulalamika kwamba ndege gani hawa wasioweza kungoja watu wanywe chai.

Mama Masikio hakuanza kutembea. Alisimama langoni, akasema kwa sauti kavu, "Kabla hatujaingia, nina neno. Chozi simsikii. Sasa ni zaidi ya mwaka. Nimekuwa nikiwadanganya." Kisha akapiga magoti mbele ya yule binti, ili nyuso zao ziwe sawa. "Wewe mwezi uliopita ulisema kweli. Hapakuwa na ndege. Sisi wakubwa ndio tuliokuwa hatusikii. Unisamehe."

Binti alifikiri. "Sawa," akasema. "Na baba?"

Dereva akajikuna shingo. "Nisamehe na mimi, mwanangu."

Mama Masikio akamgeukia Bwana Hadubini, akataka kumkabidhi darubini ya mkononi, ile ya bustani aliyokuwa akivaa shingoni. "Tafuta mwingine mwenye masikio."

Bwana Hadubini hakuipokea. Hakutoa hotuba pia, si mtu wa hotuba. Alisema tu, "Mwingine yupi?" na kweli hatukuwa na mwingine. Watu wawili walioudhika waliondoka, nami siwalaumu. Waliobaki wakaingia naye.

Maua mekundu yalikuwa yamehamia kwenye wigo mrefu wa mimea upande wa pili wa bwawa. Tulipokaribia, yule binti akamshika mkono. "Leo yupo. Analia sasa hivi."

Mama Masikio akainua darubini. Alimpata upesi, juu ya kijitawi cha mwisho: shingo ya kijani inayong'aa kama mafuta juu ya maji, kifua chekundu. Mdomo ulifunguka. Koo lilitetemeka, manyoya madogo yakasimama kwa bidii ya kuimba. Mwili mzima wa ndege ulikuwa unafanya kazi, na kwake hakukuwa na kitu.

"Analiaje?" akauliza, hajashusha darubini.

"Kama breki zinazotaka kubadilishwa," alisema dereva, "ila ndogo sana."

"Kama cherehani ya mwanasesere," alisema mwalimu mstaafu.

Binti alijaribu kumwiga, kwa sauti nyembamba kuliko zote alizonazo, naye Mama Masikio akashusha darubini ili amwone. Lakini hata hiyo ilikuwa juu mno. Aliona midomo tu. "Ahsante," alisema. "Vizuri sana." Kisha akarudisha darubini machoni, akakaa nayo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sote tulitazama kwingine.

Aliendelea kututembeza. Yeye aliona, sisi tulisikia, na tulipokosea alitusahihisha kwa kutuuliza maswali: inapanda au inashuka, inakatika mara ngapi? Tulijifunza zaidi ya zamani, maana sasa tulilazimika kusikiliza kweli. Lakini hilo ni faida yetu sisi. Kwake ilikuwa kama mtu anayesomewa barua na majirani.

Mara moja nilimkuta peke yake barazani kwa Bwana Hadubini, akingoja mvua ipite, nikamuuliza kama hali hiyo imezoeleka. Akacheka kidogo. "Watu wanasema mengi yamebaki. Ni kweli, nina tiva, nina njiwa. Lakini sitaki masikio mapya, wala sitaki ujana. Nataka dakika tano. Asubuhi moja, dakika tano, halafu wachukue." Akafuta vioo vya darubini, ingawa havikuwa na tone.

Fundi saa hakuwa mtu wa kukaa na jambo bovu bila kulifungua. Aliazima kwa Bwana Hadubini kinasa sauti chenye mlio wa chozi, akakaa nacho kwenye karakana yake majuma matatu, mlango umefungwa. Mkewe alidhani ana saa ngumu. Jumatatu moja, yeye akimenya viazi jikoni, mzee akaja akasimama mbele yake, akaikunja midomo, akapiga mluzi. Alikuwa ameushusha wimbo wote chini, chini sana, na kuupunguza mwendo, mpaka ukafika pale ambapo masikio ya mkewe bado yalikuwa na uhai.

Kisu kikasimama.

Mzee alimaliza, uso umemwiva kwa kukosa pumzi. "Eti?"

"Si yeye," alisema mkewe.

"Najua si yeye."

"Yeye ni mwepesi. Huyu wako amekula ugali."

"Basi nimpunguzie chakula." Akapiga tena, upesi kidogo.

"Mwishoni hashuki. Anapandisha, kama anauliza."

Mzee akapandisha. Mara ya nne sauti ilimkatika akakohoa, mkewe akamletea maji, akangoja amalize kunywa. Kiazi kilichomenywa nusu kilikuwa bado mkononi mwake. Alimwambia akae kitini asichoke, na aanze mwanzo.