Mbuzi wa Gatuanyaga na Kiitaliano Changu

Rafiki yangu Mwitaliano alinijua sauti kabla ya kunijua sura. Tulikutana kwenye kikundi cha mtandaoni cha watu wanaobadilishana lugha. Yeye alitaka Kiswahili, mimi nilitaka Kiitaliano, na wengine wote mle ndani walitaka Kiingereza, kwa hiyo tukaachwa sisi wawili tutazamane. Alikuwa msichana mwanafunzi wa rika langu, kwenye mji mdogo wa milimani ambao mwenyewe alisema hauna kitu isipokuwa kanisa na baridi. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu, nasomea teknolojia ya vyakula, na nilikuwa nimepanga bedsita, chumba kimoja cha kila kitu, pale Kimbo, Ruiru, mahali ambapo jirani akikaanga vitunguu wewe ndiye unayetokwa na machozi.

Tulitumiana jumbe za sauti. Asubuhi nikichemsha chai namwekea wangu, nikirudi kutoka darasani nakuta wake. Alinieleza kwamba kwao mitihani mingi ni ya mdomo: unakaa mbele ya profesa, wenzako wako nyuma wanasikiliza, na ukipewa alama usiyoipenda unaweza kuikataa ukarudi siku nyingine. Hapo nilimwomba arudie. Kwetu ukipewa alama unashukuru Mungu na kuondoka haraka kabla haijabadilishwa.

Watu wa Kimbo waliponiuliza Kiitaliano cha nini, niliwajibu kwa ufupi kwamba ni cha jibini. Chuo chetu kilikuwa na nafasi chache za kupeleka wanafunzi Italia muhula mmoja, kujifunza kutengeneza jibini ya maziwa ya mbuzi na kondoo, na sharti lilikuwa upite mtihani wa kuzungumza. Kuandika nilikuwa sawa. Kuzungumza ndiko kulinishinda. Kwenye ujumbe wa sauti mtu anaweza kurekodi, akafuta, akarekodi tena mpaka atoke kama mtangazaji. Rafiki yangu akinipigia simu moja kwa moja, ulimi ulikuwa unalala.

Na kulikuwa na baba. Yeye na mama wanaishi Gatuanyaga, upande ule mkavu wa Thika, wana shamba dogo na mbuzi. Baba hakuipenda hii habari ya Italia tangu mwanzo, na hakuficha.

“Sasa hiyo lugha utaongea na nani hapa?” aliniuliza.

“Hapa hakuna mtu, baba. Ni ya kule.”

“Basi unajifunza kuondoka. Jaribu hiyo mtihani mara moja. Ukianguka, hayo maneno tuweke chini, umalize shule yako hapa, ukae.”

Nilikubali siku hiyo kwa hasira. Lakini nilijua kilichokuwa kikimsumbua. Mimi nimepewa jina la mama yake, kama desturi yetu inavyotaka kwa binti wa kwanza, na tangu nizaliwe hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita maitu, yaani mama yangu kwa Kikuyu. Alipokuwa mdogo, mama yake alikwenda mjini kutafuta kazi akakaa huko miaka mingi, na nadhani hakutaka kuagana na mama mara mbili. Niliielewa hofu yake, na hata hivyo nilitaka kwenda.

Likizo ya Desemba ilinikuta na kazi. Dada yangu mdogo anayeishi mtaa wa Landless, Thika, alikuwa amejifungua, na kwetu binti akijifungua mama yake huhamia kwake na hakuna anayethubutu kuuliza atarudi lini. Kwa hiyo mama alifunga mzigo akaenda Landless, nami nikaja Gatuanyaga kumpikia baba na kuchunga mbuzi. Mtandao wenyewe ulikuwa hapa na pale. Simu za kawaida zilipita, lakini intaneti ilishika vizuri mahali pamoja tu, kando ya tangi la maji, tena kama upepo haujakasirika. Nilimwambia rafiki yangu kwamba tutapoteana kidogo. Akanionya nisiache kuzungumza, nizungumze hata na ukuta.

Ukuta sikuutaka. Niliamua kuzungumza na mbuzi.

Mwanzo ilikuwa mzaha. Nilitoka nao asubuhi kwenye vumbi, nikawaambia kwa Kiitaliano kwamba hali ya hewa ni nzuri, kwamba mimi ni mwanafunzi, kwamba ninapenda kusoma na kuogelea, ingawa kuogelea sijui. Hawakucheka nilipokosea. Hilo lilinisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kilichokuwa kikinilaza ulimi ni kuogopa kuchekwa. Siku zilivyosonga nikaacha yale ya kitabuni nikaanza kuwaeleza mambo ya kweli. Niliwasengenya majirani. Nilimlalamikia baba kwao, kwa kirefu, naye akiwa mbali kidogo akitengeneza ua. Beberu mmoja mwekundu mwenye kichwa kigumu nilimgombeza kwa Kiitaliano mpaka nikagundua kwamba nimemaliza hasira bila kusimama kutafuta neno.

Amri ndizo walizozishika kwanza. Nikisema “andiamo” wanainuka. Nikisema “vieni qua” jike mmoja mzee mwenye kengele shingoni anakuja, na wengine wanamfuata yeye. Nikisema “basta” beberu anauacha mti wa baba wa mparachichi, au angalau anaonyesha kwamba amesikia. Na kwa sababu Gatuanyaga ni uwanda, mbuzi akiwa mbali huwezi kumnong’oneza, kwa hiyo Kiitaliano changu chote nilikijenga kwa kupaza sauti.

Baba alikuwa akisikia yote. Siku moja tu, tukinywa chai, aliuliza bila kunitazama, “Hao watoto wa mbuzi ukiwaambia hayo maneno, wanaambiwa nini?”

“Wanaambiwa twende.”

“Twende wapi?”

“Nyumbani, baba. Wanakwenda wapi kwingine?”

Akatikisa kichwa, akamimina chai nyingine.

Siku ya Krismasi rafiki yangu alinipigia simu ya video. Nilikimbilia tangini. Nilimwona amevaa sweta mbili, nyuma yake dirisha limejaa theluji, na mimi jasho linanitiririka. Tulicheka kabla ya kusalimiana. Baba akapita na jembe begani, nikamvuta aonekane. Rafiki yangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kisafi kuliko cha tarafa nzima, aliinamisha kichwa akasema, “Shikamoo, baba.”

Kwetu hatusalimiani hivyo. Neno hilo baba amelisikia redioni tu. Aliitazama simu, akanitazama mimi, akaitazama simu tena, akajibu, “Poa sana.”

Alipoulizwa habari za mifugo alichangamka. Akataka kujua kama kwao wanafuga. Rafiki yangu akamwambia kwamba bibi yake alikuwa na mbuzi, na kila kiangazi, likizo yake yote, alikuwa akimsaidia kukamua na kutengeneza jibini. Baba alimsikiliza vizuri, akamuaga kwa heshima, kisha akanirudishia simu.

“Huyo msichana ana adabu,” alisema. “Na kama wanajua mbuzi hivyo, mbona wasikuje wao wakae hapa?”

Januari nilirudi Kimbo. Jioni ya kwanza nilinunua data, nikamimina chai, nikampigia rafiki yangu tupashane habari sawasawa. Alianza na Kiswahili, kama tulivyozoea, akaniuliza likizo ilikuwaje. Nikamjibu kwa Kiitaliano. Nilimweleza habari za mtoto wa dada, za beberu na mparachichi, za mama kuhamia Landless, za baba na ile “poa sana” yake. Nilizungumza mpaka chai ikapoa.

“Ulikuwa na mwalimu?” akaniuliza.

“Nilikuwa na kundi zima.”

“Vizuri sana,” akasema. “Lakini kwa nini unanipigia kelele?”

Nilicheka nikalia. Nilikuwa nimemhutubia kama aliye ng’ambo ya bonde, na jirani yangu wa bedsita alikuwa ameshagonga ukuta. Lakini ilikuwa furaha tupu. Sikuwa nimetafuta neno hata mara moja, na yaliyokosekana niliyazunguka kama watu wengine wanavyoyazunguka.

Baada ya wiki chache baba alinipigia simu. Simu ya baba ina tabia yake. Hajawahi kukata simu maishani mwake. Akimaliza kuongea anaitia mfukoni mwa shati na kuendelea na safari, na wewe uliye upande wa pili ndiye unayekata.

“Maitu,” alisema, “hizi mbuzi umezifanya nini?”

“Zimefanya nini?”

“Hazinisikii. Naongea Kikuyu, zinaniangalia tu kama mgeni. Mama yako amerudi, naye pia zimemkataa.”

Nilizuia kicheko. Nikamwambia sasa atalazimika kujifunza. Akanung’unika, akasema yeye ni mzee, kisha akaniambia nianze. Tukafanya darasa hapo hapo. “Andiamo” aliishika mara moja. “Basta” ilitoka “mbasta”, nikaiacha hivyo, kwa sababu beberu huyo hana haki ya kuchagua lafudhi. Alipotosheka akaitia simu mfukoni, nami nikamsikia akienda zake akijaribu lile neno polepole, kabla sijakata.

Kwa ajili ya mtihani, rafiki yangu alinitayarishia majibu. Alijua watahini hupenda kuuliza habari za likizo. Tukatunga jibu zuri kuhusu ufuo wa bahari, mchanga, chakula cha hotelini na kuogelea nisikokujua. Nililikariri. Mtihani ulikuwa Nairobi, mwezi wa Machi. Kama ningeanguka, neno la baba lingesimama, na mimi ningelazimika kuliheshimu kwa sababu nilikuwa nimelikubali.

Mtahini alikuwa mama wa makamo mwenye miwani kwenye mnyororo. Aliniuliza nilivyotumia likizo yangu. Nikafungua mdomo niende baharini, na bahari haikuja. Sikusahau maneno, yalikuwepo yote. Niliona tu aibu kwamba nilikuwa na likizo yangu mwenyewe, niliyoifanyia kazi kwenye vumbi, na nilikuwa nimekuja hapa na ya mtu mwingine.

Nikamwambia kwamba nilichunga mbuzi wa baba.

Aliinua macho. Aliniuliza wangapi, wanakula nini, nani anawakamua. Nikamweleza. Nikamweleza pia kwamba wanaelewa Kiitaliano, na baba sasa hana budi kuzungumza nao kwa lugha ambayo hakutaka nijifunze. Alivua miwani. Aliniuliza, sasa kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, kama baba yangu anafurahi mimi niende. Nilimjibu kwamba anaogopa. Nikamweleza habari ya jina la mama yake, na kwamba ananiita mama, na mama yake alivyoondoka. Sikuwa nimewahi kulisema hilo kwa lugha yoyote, na lilitoka kwa Kiitaliano, mbele ya mtu nisiyemjua, na sauti yangu haikutetemeka. Mwisho aliniambia nimefanya vizuri, ila nikifika kule nijaribu kuzungumza kwa sauti ya chini kidogo.

Matokeo yalikuja kwenye barua pepe nikiwa kwenye foleni ya maji nyumbani Kimbo. Nilikuwa nimepita, tena kwa alama za juu. Niliuweka mtungi chini. Nilijivunia nafsi yangu, nalisema waziwazi, na nilimtumia rafiki yangu ujumbe wa sauti ambao ulikuwa kelele tupu. Alinirudishia kelele zake. Kisha nikampigia baba.

“Nimepita,” nikamwambia.

Nilisikia upepo, na kengele ya yule jike mzee.

“Umepita,” alisema.

“Nimepita vizuri, baba. Nitaenda Septemba.”

“Haya. Ni sawa.” Akakohoa. “Umekula?”

“Bado.”

“Basi kula, maitu.”

Akaitia simu mfukoni. Nilijua hapo ndipo ninapokata, na kidole changu kilikuwa tayari. Sijui kwa nini nilingoja. Nilisikia viatu vyake kwenye mchanga, na kitambaa cha shati kikisugua simu, kisha pikipiki ikija na kusimama. Nilimtambua jirani yetu Mkamba, ambaye baba huzungumza naye Kiswahili.

“Niaje mzee, za mbuzi?”

“Ngoja kwanza,” baba alisema. “Wewe unajua msichana yangu anaongea Kiitaliano?”

“Ya kweli?”

“Amefanya mtihani Nairobi na wazungu wenyewe, akawapita. Anaenda huko. Na ujue alisomea hapa. Hapa hapa, kwa hii vumbi. Ni mimi nilikuwa namsikiliza kila siku.”

Jirani akapiga mluzi. Halafu akauliza lile swali. “Na asiporudi?”

Nilishika simu kwa mikono miwili. Watu wa foleni walikuwa wakiniambia nisogeze mtungi na sikusogea.

“Aende,” baba alisema. “Yule si mtu wa kufungiwa. Akikawia nitamfuata huko, na lugha ninayo.”

Jirani alicheka mpaka pikipiki ikazimika. Kisha baba akaita, “Andiamo,” kwa sauti ndefu ya kuvuka uwanda, ileile niliyoiacha pale Desemba, na nikasikia kengele ikianza kutembea. Nilisikiliza mpaka kengele ikawa mbali na mfuko wa shati lake, kisha nikakata mimi.