Jana Walipiga, Leo Wamekosa

Huku ughaibuni, ndani ya basi la kutoka Brooklyn Center kwenda mjini, Mtanzania mmoja aliyeketi mbele yangu alikuwa amebana redio ndogo sikioni, uso ameukunja. Sisi tulio mbali na kwetu tukimwona mwenzetu hivyo, hudhani amepokea simu mbaya ya nyumbani. Mama mmoja Mkenya, nesi, akamgusa bega.

"Pole, ndugu yangu. Ni msiba?"

"Si msiba, dada, ila unakaribia. Ni hawa vijana wetu wa besiboli, timu ya hapa mjini! Jana walipiga kila mpira, leo wanapiga hewa tu."

"Kwani si ni watoto bado? Wapeni muda. Hata wewe ulipoanza kazi huku ulikuwa unakosea."

"Nilikosea, lakini uwanja mzima haukuwa unanitazama."

Akaongeza sauti ya redio ili mama naye asikie. Kijana aliyekuwa zamu ya kupiga alikuwa ameukosa mpira mara mbili. Akikosa ya tatu, anatoka. Mama akashika chuma cha kiti kwa mikono miwili. Kituo cha hospitali yake kikapita, wala hakukiona. Kijana akakosa.

"Huyu auzwe!" mama akafoka. "Auzwe leo hii!"

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia niwavumilie vijana, namuuliza kwanza kama anasikiliza mechi.