Nilikata "Eeh" ya Mathe

Jamani, nimekosa. Nawaambia nyinyi kwa sababu sina uso wa kuyasema nyumbani.

Nafundisha watu kuandika programu za kompyuta kwa video. Shida yangu ni moja: siwezi kuongea na ku-type kwa wakati mmoja. Nikifungua mdomo, vidole vinaganda. Vidole vikianza, nanyamaza kabisa.

Nilikuwa narekodi sebuleni, kwetu Elburgon, mathe, mama yangu, akiwa ameketi mlangoni anatoa minji kwa maganda. Yeye alilelewa hivi: mtu akikusimulia jambo, unamwitikia. Kumwacha aongee peke yake ni madharau. Kwa hivyo nikisema, "Sasa hii namba tunaipa jina," halafu ninyamaze nikiandika, unamsikia nyuma: "Eeh! Kisha?"

Wacha niseme ukweli, nilichukia! Nikimaliza nilikuwa nakata kila "eeh", na rekodi ya kwanza, ile yenye sauti yake, nafuta.

Video moja ilinipita ikaenda hivyo mtandaoni. Watu wakaipenda kuliko zote! Mmoja akaandika, "Huyo mathe anayeuliza 'Kisha?' ananisaidia sana, hata mimi nilikuwa nimepotea." Mimi nikaona wananicheka. Nikaitoa, nikaifuta kila mahali. Ai, ujinga wangu!

Halafu nikamgeukia yeye. "Mathe, unaniaibisha mbele ya watu. Nyamaza!"

"Pole, baba," akasema. "Nilidhani unaongea na mimi."

Tangu hapo nikianza kurekodi alikuwa anabeba sufuria yake anaenda kukaa nje, na baridi ya Elburgon mnaijua. Hata tukiwa tunakula, nikimpigia story, alikuwa ananiangalia kwanza usoni kama anauliza ruhusa. Nami niliendelea tu na story. Singemwambia hata pole? Si ni neno moja!

Mvua ilipoanza, presha ikamwangusha. Hakurudi kutoka hospitali.

Baada ya mazishi dada yangu akaniambia, "Wewe ndiye mtu wa kurekodi. Nitafutie sauti ya mum, niisikie tu kidogo." Nilipekua kompyuta nzima nikilia. Sauti yangu iko tele, masaa na masaa. Yake haiko. Hata "eeh" moja, woi! Dada nikamdanganya kwamba mashine iliharibika.

Bado narekodi, ndiyo kazi inayonilisha. Nikifika pa kuandika nanyamaza, na hakuna anayeuliza "Kisha?" Juzi nilijipata nimesimamisha vidole, namngojea.

Ndugu yangu, kama kuna mtu nyumbani anakuitikia, hata kama haelewi unachosema, mwache aitikie. Umjibu. Mimi leo nimeyasoma haya yote kwa sauti, hapa hapa sebuleni, mpaka mwisho. Hakuna aliyesema eeh.