Korea Mbili za Kamatanda

Nakumbuka vizuri, mwanangu, ile Jumapili ambayo wanaume wawili niliowapenda kuliko wote walipiga makofi kwa sababu vijana wa watu wamekufa baharini. Kaa nikueleze. Nimesikia wewe na ndugu yako mnapitana njiani kama watu wasiojuana, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Miaka hiyo nilikuwa mwanamke kijana, naosha madini pale machimboni Kamatanda. Mume wangu Kalenga na kaka yangu Ilunga walichimba shimo moja. Walikuwa marafiki kabla sijaolewa. Kalenga alinijua kwa kuja kumtafuta Ilunga nyumbani, au ndivyo alivyosingizia. Kisha wakagombania mshipa wa madini, nani aliuona kwanza. Ilunga akaondoka na vijana wake, akafungua shimo lake palepale jirani.

Vijana wao walisikiliza redio mchana kutwa, na redio siku hizo ilijaa habari za Korea mbili. Basi shimo la juu, la mume wangu, wakaliita Korea ya Kaskazini, na la chini, la kaka yangu, Korea ya Kusini. Ulikuwa utani tu. Lakini Kalenga akapigiwa saluti, akaipenda! Akaagiza chokaa kutoka Kakontwe, akachora mstari katikati. Mvua ikaufuta. Ilunga akauchora upya, akiusogeza kidogo kwa mwenzake. Kalenga naye akaurudisha na kuongeza. Mimi niliwacheka, nikauvuka kila siku na sufuria ya bukari, ugali wetu, kichwani kumpelekea kaka yangu, hadi mlinzi wake mmoja aliyeshika fimbo badala ya bunduki aliponizuia. Chakula cha Kaskazini hakipiti, alisema. Siku hiyo sikucheka tena.

Wanawake hatushuki shimoni, ni mwiko wa wachimbaji, lakini desturi zao tunazijua. Mchimbaji akisikia nyundo ya jirani ndani ya udongo, anaweka yake chini, anagonga ukuta kwa jiwe, anangoja. Jirani naye anagonga. Wakishajibizana hivyo wanaelewana nani apite wapi, ili ardhi iliyo kati yao isiwaangukie wote. Sasa Kalenga akawakataza watu wake kujibu. Ilunga akakataza vilevile. Nilipolisikia hilo, mwanangu, niliacha kuosha madini. Mmoja ni baba wa watoto wangu, mwingine tumenyonya ziwa moja, na wote wawili wanachimba kuelekeana bila kusemezana.

Nikaenda mtaa wa Panda kwa baba yangu, aliyefanya kazi chini ya ardhi tangu ujana hadi mgongo ulipokataa. Baba alinisikiliza hadi mwisho. Aliwaita tu wote wawili, waje kula baada ya misa, na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Akawaketisha kwenye sahani moja ya bukari na mboga za lengalenga. Wakala bila kutazamana.

Ndipo redio ikatangaza. Manowari za Korea mbili zimefyatuliana risasi baharini, mahali watu wanapovua kaa. Upande mmoja una mstari wake juu ya maji, upande wa pili hauutambui. Meli imezama, na wanamaji vijana wamekufa.

"Kusini!" Ilunga akapiga makofi. Kalenga naye akapiga ya kwake, kumshinda sauti.

Baba akaizima redio.

"Batoto ba bantu bamekufa ku maji, na nyie munapiga mikono?"

"Baba, ni mchezo tu," Kalenga akasema. "Kila muntu iko na mupaka yake."

"Mupaka? Ku maji kule chokaa inakamataka wapi? Bale bantu balikuwa nyumba moja, luga moja. Leo beko nasikilizana paka kwa bunduki tu." Akamgeukia Ilunga. "Na weye. Mupaka yenu iko huku juu. Kule chini kuko paka udongo na bantu tu. Ukisikia nyundo ya shemeji yako, ujibu. Miye sitazika batoto babili siku moja."

Sijawahi kuona wanaume wakubwa wakitazama sahani namna ile.

Walirudi kazini bila kupatana. Ila siku moja Kalenga alipanda kutoka shimoni, akaketi karibu yangu na mikono yake yenye udongo. Akaniambia alisikia nyundo, akagonga ukuta, akangoja sana, na ukuta ukamjibu. Walikuwa wamekaribiana mno. Wakatoboa tundu la kupitisha mtu mmoja, wakalitegemeza kwa miti, kila mmoja akarudi kwake. Juu, mstari wa chokaa ulibaki vilevile.

Kisha mvua kubwa ikaja. Nilikuwa naosha madini niliposikia ardhi ikiguna, na mdomo wa shimo la Ilunga ukajifunga mbele ya macho yangu. Nililia jina la kaka yangu nikichimba matope kwa kucha. Vijana wa pande zote mbili waliukanyaga mstari ule, hakuna aliyeuangalia. Nikasikia mtu ananiita nyuma yangu. Nikageuka. Kwenye shimo la mume wangu alikuwa anatoka Ilunga, mweupe kwa vumbi, na vijana wake wote waliokuwa chini wakimfuata nyuma, na Kalenga wa mwisho. Aliingia kusini, akatokea kaskazini!  Nilipiga magoti kwenye matope nikamshukuru Mungu.

Bado nazisikia zile Korea kwenye redio, sasa kwenye simu ya mjukuu wangu. Kila mara nawaombea wale vijana walio juu ya maji, wa huku na wa huku, ambao wakubwa wao wamewakataza kujibu.

Basi nakushauri hivi, mwanangu. Ugomvi si lazima uishe leo, na usiniletee unafiki wa kukumbatiana mlangoni kwangu. Lakini ndugu yako akigonga, ujibu. Asipogonga, gonga wewe, ungoje. Mungu akulinde juu ya ardhi na chini yake, na siku mlango wako utakapojifunga, akutolee kwa mlango wa ndugu yako.