Siku Saba Nilizoandika Mimi

Kwa miaka sita nimekuwa karani wa wakili mmoja mjini Lodwar, na sifichi: barua za kutisha watu nilizipenda. Wakili alitia sahihi tu, maneno yalikuwa yangu. Mtu akija kulalamika kwamba jirani amesogeza ua, au fundi amekaa na jenereta yake tangu Krismasi, mimi ndiye niliyemtafutia Kiingereza cha kumtoa jasho huyo mwingine. Nikisikia fulani alipokea barua yetu akashindwa kumaliza chakula, nilicheka. Tena nilikwenda kuwasimulia wenzangu.

Siku moja alikuja mfanyabiashara aliyenunua ploti Kakuma, kando ya barabara. Kuna mama anauza chai pale, akasema, na anataka huyo mama aondoke. Jina alilipata kwa chifu, majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Hakuwa mtu mbaya. Alisema hana haraka, mama apewe mwezi mzima atafute pahali pengine. Nikamwitikia vizuri. Kisha nikaandika siku saba, kwa sababu siku saba ndizo zilizokuwa kwenye barua zangu zote, na mwezi niliuona kama kubembeleza. Nikaongeza neno mvamizi. Hakuna aliyeniomba niliongeze.

Wauza chai kando ya barabara ile ni wengi, na kila mmoja huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Majina ya kitambulisho hukaa kwenye kitambulisho. Kwa hiyo Jumamosi nilipofika nyumbani Kakuma, nikaambiwa mama fulani ananisubiri, nilikwenda mbio bila wasiwasi. Ni yeye aliyenipa benchi ya kibanda chake cha chai nisomee mtihani wa kidato cha nne, maana kwetu hapakuwa na meza.

Akatoa bahasha chini ya kitambaa cha mandazi. Niliitambua kabla hajanipa. Ilimfikia Jumanne. Watu wawili walitaka kumsomea akawakatalia, akawaambia ana mtoto wake anayefanya kazi ya sheria, atakuja. Siku nne zilikuwa zimepita akinisubiri mimi.

Nikamsomea, nikichanganya Kiswahili na Kiturkana. Mvamizi nikaliruka. Siku saba nikazitaja. Nilitamani kumwambia kwamba mwenye ploti amekubali mwezi, lakini angeniuliza nimejuaje. Basi nikawa napuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa.

Akaikunja barua, akairudisha kwenye bahasha.

"Watu wengine wakisoma barua, macho inatembea kwa karatasi," akasema polepole. "Wewe umesoma yote macho iko kwangu."

Nikamjibu kwamba sahihi ni ya wakili. Ilikuwa kweli, na sijawahi kusema kweli iliyonitia aibu kama hiyo.

Hakugombana nami. Aliniomba tu nimwandikie jibu. "Weka ejok kwanza. Hiyo yenu haikusalimia mtu." Nikaweka. "Sasa andika, barua nimepata. Mwenye kuandika ndiye amenisomea, na amesoma vizuri. Jumanne nitakuwa nimetoka."

Niliandika hivyo hivyo alivyosema. Akatia kidole gumba, akamwaga chai yangu iliyopoa na kunimiminia nyingine.

Jumatatu ofisini niliipiga ile karatasi muhuri wa kupokelewa, nikaisukumiza kwenye faili bila kumwonyesha wakili. Simu ilikuwa mezani kwangu, namba ya mfanyabiashara ninayo, na siku nzima ile sikumpigia. Wiki iliyofuata alipita mwenyewe kutushukuru. Alisema ameshangaa kukuta mama ameng'oa mabati mapema hivyo, na yeye alimpa mwezi. Akaniuliza kama najua kwa nini.

Nikamwambia labda alipata pahali pengine.

Mpaka leo hajapata. Huzunguka stendi ya Kakuma na chupa mbili za chai, na akiniona, yeye ndiye hunisalimia kwanza.